Mratibu wa Upoozaji

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, laptopu namba sita ilifika nyuzi tisini na nane ikiwa katikati ya kupika picha ya roshani. Kupika picha ndivyo walivyosema wenyewe pale ofisini. Mchoraji akishamaliza kuichora nyumba kwa mistari, huiachia mashine itie mwanga, vivuli, vioo na majani ya miti, na mashine hukaa saa tatu au nne ikihangaika peke yake mpaka picha iive. Kampuni ilitengeneza picha za majumba ambayo hayajajengwa, ili wenyewe wapate kuyauza kabla hayajajengwa, na kwa kadiri mchoraji alivyojua, mengi hayakujengwa kabisa. Hilo halikumhusu. Yeye alisomea kuchora, na roshani zake zilikuwa na upepo hata kwa mtu anayezitazama kwenye karatasi.

Feni ya namba sita ilikuwa inalia tangu saa tatu. Chini ya mashine kulikuwa na vizibo vinne vya soda, kimoja kila pembe, vya kuinyanyua ipate hewa, na pembeni kifeni cha mezani ambacho shingo yake ilikuwa imefungwa kwa utepe wa gundi. Zikifika nyuzi mia, mashine hujizima na picha iliyokuwa jikoni hupotea yote. Mchoraji aliziona tarakimu zikipanda, tisini na nane, tisini na tisa, akafanya jambo ambalo mama yeyote hulifanya bila kufikiri. Aliweka viganja vyake viwili juu ya mashine, kama anayempima mtoto homa.

Joto likamwingia. Alilisikia likipita viganjani, likapanda hadi viwikoni, likashika mabega, kisha likatulia kifuani pamoja na mengine yaliyokuwamo. Namba sita ikashuka mpaka sitini na moja. Feni ikanyamaza.

Fundi wa kompyuta, mzee aliyebakiza miezi minane astaafu, alikuwa anapita na bisibisi yake. Alisimama, akasoma tarakimu, akaitazama mikono ya mchoraji, akatoa daftari na kuandika saa.

"Inapanda tena ukiitoa mikono?"

"Sijaitoa, mzee."

"Basi usiitoe mpaka picha iive," akasema Fundi, akaenda zake kuishughulikia printa ya wahasibu, ambayo siku hiyo ilikuwa inameza karatasi.

Fundi aliujua ugonjwa wa mashine zile kuliko alivyoujua mgongo wake. Ndani ya kila laptopu, juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, hupakwa pesti nyeupe kiasi cha punje ya mchele. Hiyo ndiyo inayoishikanisha prosesa na kipande cha shaba kinacholibeba joto kulipeleka kwenye feni. Pesti hukauka baada ya miaka michache, na ya mashine zile ilikauka tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Mashine zilikuwa nane. Mrija mmoja wa pesti na alasiri moja ya kazi, basi, maneno yangekwisha. Fundi alikuwa ameandika maombi mara kumi na nne.

Maombi yote kumi na manne yalikuwa kwa Bwana Manunuzi, kwenye faili safi, yamepangwa kwa tarehe. Bwana Manunuzi hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungeweza kugombana naye ukamaliza. Yeye alikuwa na kanuni, na kanuni ilisema hakuna kitu kitakachonunuliwa bila nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu. Mji mzima ulikuwa na maduka mawili yanayouza pesti. Kila Fundi alipopeleka nukuu mbili, Bwana Manunuzi alizipokea kwa mikono miwili, akazigonga muhuri, akasema kwa upole, "Bado moja, mzee wangu." Ofisini walimwita Nukuu Tatu, na jina lenyewe alilipenda.

Basi kufika Ijumaa mchoraji alikuwa ameivisha picha kumi na mbili bila hata moja kupotea. Habari zikamfika Mkurugenzi, naye akashuka kutoka ghorofa ya juu kuja kuona kwa macho yake. Aliona. Akaagiza meza nane zipangwe duara, laptopu juu yake, na katikati kiwekwe kiti cha kuzunguka. Alikikalia yeye kwanza, akanyoosha mikono pande zote kupima kama inafika, akaridhika, akainuka na kumkaribisha mchoraji.

"Keti. Sasa unazifikia zote bila kusimama," alisema. "Unaona tunavyowajali?"

Jumatatu iliyofuata akampa barua yenye nembo ya kampuni. Tangu siku hiyo alikuwa Mratibu wa Upoozaji. Wenzake walipiga makofi, keki ikakatwa, na mtu mmoja akauliza kama mratibu ana watu wa kuwaratibu, akaambiwa bado. Hicho ndicho wahenga walichokiita kilemba cha ukoka: unavishwa kichwani, unapendeza, jioni mbuzi anakitafuna. Mshahara ulibaki palepale. Dawati lake la kuchorea alipewa mchoraji mpya, msichana mwenye haraka, ambaye roshani zake hazikuwa na upepo wowote. Sisi tutaendelea kumwita mchoraji, maana ndiyo kazi aliyoisomea, na mtu akinyang'anywa kalamu si lazima anyang'anywe na jina.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Alizunguka kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi, mkono huu namba moja, mkono ule namba mbili, dakika tano tano, mpaka saa kumi na moja jioni. Chai aliyowekewa kikombeni ilichemka upya kila alipokishika. Mashine zile zilitengenezwa na watu wenye huruma: zikizidiwa hupunguza mwendo zenyewe, zikizidiwa zaidi hujizima, wala hakuna anayeziandikia barua ya onyo. Mchoraji hakuwa na kitu kama hicho ndani yake. Ikifika jioni, alikuwa nyuzi tisini na sita, na hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na watu watatu. Mama mkwe alikuwa na duka la vifungo, nyuzi na zipu kwenye chumba cha mbele, duka la miaka thelathini, lenye leseni ukutani na muhuri wa mbao. Mume alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani pa duka hilohilo. Wa tatu alikuwa binti yao wa miaka minne, ambaye kwa umbo na kwa kutotulia kwake kila mtu alimwita Sisimizi.

Jioni ile ya keki, Sisimizi alitoka mbio kama kawaida yake akamkumbatia mama yake magotini. Alipiga ukelele mmoja tu. Wakamtia maji baridi shavuni, wakampaka mafuta, na asubuhi ilibaki alama nyekundu ya upindo wa sketi. Kuanzia siku hiyo mtoto akawa anamwamkia mama yake akiwa mlangoni, hatua tatu kutoka alipo, ameshika fremu ya mlango. Hakuwa amenuna. Alikuwa amejifunza, kama mtoto anavyojifunza kuhusu jiko.

Mchoraji aliumia. Hakuna haja ya kuzungusha maneno: aliumia kuliko alivyowahi kuumia, na usiku alilala chini peke yake kwenye sakafu ya saruji, maana godoro lilikuwa limeanza kunuka moshi. Kilichomtesa zaidi ni hesabu. Joto lilihitaji siku tatu kamili kumtoka, na wiki ya kazi ina siku sita. Jumapili jioni, alipofika themanini na kuanza kutumaini, Jumatatu ilikuwa mlangoni.

Wengine walizoea upesi, na mzigo wa mwenzio, kama ujuavyo, ni kanda la usufi.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia wiki ya kwanza, "kwani ukisimama hapo karibu na kamba utapungukiwa nini? Shuka hazijakauka tangu asubuhi."

Alisimama. Shuka zilikauka kabla ya taarifa ya habari kuisha. Kesho yake mume alimjia na kola ya shati la mteja, akamwomba kwa sauti ya chini apitishe kiganja mara moja tu, kwa sababu pasi imemharibikia. Wiki ya pili alileta mashati sita. Wateja waliisifu ile mikunjo, wakasema haijapata kutokea, na mume, ambaye alimpenda mkewe kweli, akamfikishia sifa zote bila kuacha hata moja.

Mwezi wa pili mchoraji alikwenda hospitali. Muuguzi alimtia kipimajoto kwapani, kikapasuka. Akaleta kingine, cha kuelekeza kwenye paji la uso, kikasoma tisini na sita. Daktari akaandika tisini na sita. Alimpima malaria, hakuwa nayo, na taifodi, hakuwa nayo.

"Unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nachora. Sasa napoza kompyuta."

"Ngapi?"

"Nane."

"Ni nyingi," akasema daktari, akaandika kwenye cheti: apumzike siku saba, anywe maji mengi, mashine zipakwe pesti. La mwisho alilipigia mstari.

Alikipeleka cheti kwa Afisa Utumishi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya mnyororo, ambaye alikisoma chote mara mbili na kufungua mwongozo wa kampuni ukurasa wa arobaini.

"Dada yangu, pole sana. Lakini homa, kwa mujibu wa mwongozo, ni kuanzia thelathini na nane mpaka arobaini na mbili. Wewe una tisini na sita."

"Si ndiyo imezidi?"

"Imezidi, ndiyo. Ikizidi hapo siyo homa tena. Hiyo ni hali ya kifaa, na vifaa viko chini ya Fundi."

Fundi alikipokea kile cheti, akakibana kwa pini kwenye ombi lake la kumi na tano. Alimwonea huruma mchoraji kwa dhati, na angemsaidia kwa lolote ambalo halikuhitaji sahihi. Siku moja mchoraji alinunua mrija wa pesti kwa fedha zake akamletea ndani ya mkoba. Fundi aliugeuza geuza, akausoma wote, akamrudishia kwa majonzi.

"Kitu ambacho hakikupitia manunuzi kikiingia kwenye mashine ya kampuni, ni kosa la kufukuzwa. Mimi nimebakiza miezi sita, mwanangu. Nionee huruma."

"Na mimi nani atanionea?"

Fundi alikwenda kuandika ombi la kumi na sita.

Mkurugenzi, kwa upande wake, alikuwa na furaha isiyo kifani. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisema kampuni nyingine zinahangaika na viyoyozi na mashine mpya, ilhali wao wamelitatua tatizo kwa rasilimali za ndani. "Punda afe, mzigo ufike," akamalizia, na watu wakacheka, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amechekesha. Mchoraji naye alicheka. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, na kioo nyuma yake kilikuwa kimepata ufa.

Ni siku ile, akirudi nyumbani kwa miguu, alipopata wazo, na kwa kuwa lilikuwa wazo la mtu aliyechoka, alilipenda papo hapo. Kanuni ilitaka duka la tatu. Haikusema duka la tatu liwe linauza nini. Na yeye alikuwa anaishi nyuma ya duka, lenye leseni na muhuri.

Kesho yake alimwambia Fundi, na Fundi akalikubali wazo kwa kutolisikia vizuri. Alijifanya hamnazo, akatazama nje, akasema tu kwamba nukuu ikija na muhuri yeye ataipeleka. Nukuu Tatu alipoambiwa kuwa la tatu limepatikana alifurahi mpaka akasimama. Akaandaa fomu ya zabuni kwa mkono wake. Kwanza alifuta jina la pesti, kwa sababu kutaja jina la bidhaa ni kupendelea. Akafuta neno prosesa, kwa sababu wenye maduka wakijua ni kitu cha kompyuta hupandisha bei. Kisha, kwa kuwa kanuni haikuruhusu kununua kimoja kimoja, akaandika idadi. Fomu ikasomeka hivi: bidhaa nyeupe, nzito, ya kupaka, iliyo ndani ya mrija, mirija arobaini.

Jioni mchoraji alimweleza mama mkwe, akiwa amesimama palepale karibu na kamba.

"Mama, tunaomba utuandikie nukuu. Uweke bei kubwa, bei ya kushindwa."

"Ya kushindwa?"

"Ndiyo. Yale maduka mawili ndiyo yatakayoshinda. Sisi tunachotaka ni karatasi ya tatu tu, mashine zipone, nami nipoe."

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema mama mkwe, akavaa miwani. "Hao wawili wameandika bei gani?"

Mchoraji akamwambia.

Hapo ndipo alipoharibu, na hakuna wa kumlaumu. Mtu ambaye hajawahi kufanya biashara hawezi kujua kuwa kuna maswali mfanyabiashara hajibiwi. Mama mkwe aliandika kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri mara mbili, akaifunga bahasha kwa gundi. Nukuu Tatu alizifungua bahasha zote tatu mbele ya mashahidi siku ya Alhamisi, na duka la vifungo, nyuzi na zipu likashinda kwa mbali sana.

"Mama!" mchoraji alisema alipopata habari. "Tulikuomba ushindwe."

"Nilijaribu," akasema mama mkwe. "Kalamu ilikataa. Miaka thelathini kwenye duka, mwanangu, sijawahi kumwacha mteja aende kwa mwenzangu na pesa yake mkononi."

"Na pesti utaitoa wapi?"

"Wamesema nyeupe, nzito, ya kupaka, kwenye mrija. Wala sihitaji kwenda mbali, iko kwenye rafu yangu ya sabuni."

Jumatatu mirija arobaini ya dawa ya meno ilifika ofisini ndani ya boksi, ladha ya mnanaa. Karani wa stoo aliikagua kwa kuilinganisha na fomu. Ilikuwa nyeupe. Aliufungua mmoja, akaona ni nzito. Akajipaka kidogo mgongoni mwa mkono, ikapakika. Akasaini kwamba imepokelewa.

Fundi alilitazama lile boksi. Katika ujana wake, mahali pengine, alikuwa ameona mtu akifanya hivyo, na alijua inafanya kazi na alijua inafanya kazi mpaka lini. Lakini bidhaa ilikuwa imepitia manunuzi, ina namba ya stoo, na yeye alikuwa na miezi mitano. Alasiri ile alizifungua mashine zote nane, akakwangua pesti kuukuu, akapulizia vumbi nje, akapaka kila prosesa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele. Alipoziwasha, namba moja ilisoma sitini na tatu, namba mbili sitini, na namba sita hamsini na tisa. Ofisi nzima ilinukia asubuhi.

"Itakaa kitambo," alimwambia mchoraji bila kumtazama. "Wahi."

Mchoraji hakuuliza awahi nini. Mkurugenzi alimtaka aendelee kukaa kwenye kiti chake katikati ya duara, kwa tahadhari, naye akakaa, mikono mapajani. Aliomba karatasi achore kidogo. Akaambiwa kuchora hakumo kwenye majukumu ya mratibu. Akakaa tu. Jumanne alikuwa themanini, Jumatano hamsini na mbili. Alhamisi asubuhi aliamka amejikunja kwa baridi kwenye sakafu, akajigusa shingo, akalia machozi ambayo hayakukauka njiani.

Sisimizi alikuwa mlangoni.

"Njoo," mama yake alisema.

Mtoto alikuja kwa hatua ndogondogo. Alianza na kidole kimoja kwenye goti, kama anayeonja. Akaweka kiganja. Kisha akapanda mapajani, akapenyeza kichwa chini ya kidevu cha mama yake, akapitiwa na usingizi palepale ingawa ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Siku hiyo mchoraji alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na barua ya onyo ilimkuta mezani.

Zilikuwa siku tano, Alhamisi hadi Jumatatu. Mtoto alilala naye, alikula mapajani mwake, alikwenda chooni amebebwa. Shuka zilikaa kambani zinadondosha maji. Mume aliipeleka pasi kwa fundi, akarudi na kusema itachukua wiki mbili, na akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayevumilia. Mama mkwe alikuwa anazigusagusa zile shuka.

Siku ya tisa tangu ipakwe, Jumanne, saa nne asubuhi, dawa ya meno ilikauka. Ilianza namba sita. Feni ikalia, tarakimu zikapanda, tisini, tisini na tano, na mle ndani ilikuwamo picha ya hoteli yenye ghorofa ishirini, kazi ya wiki nzima ya yule msichana mwenye haraka, ambaye alikuwa amesimama kando ya mashine akiwa ameziba mdomo. "Dada," alisema. "Dada, tafadhali."

Mchoraji aliitazama mikono yake. Ilikuwa baridi, na begani bado ilikuwapo harufu ya mtoto. Alihesabu: tisini na saba, tisini na nane. Ukimuuliza leo atakwambia alitaka kuiacha ijizime. Alitaka kweli. Kisha akaweka viganja.

Kufikia adhuhuri zote nane zilikuwa zimefuata. Fundi alimfuata Nukuu Tatu na ombi la kumi na saba, pesti halisi safari hii, na nukuu mbili za maduka yaleyale.

"Mzee wangu," akasema Nukuu Tatu, akifungua daftari la stoo, "stoo inaonyesha tuna mirija thelathini na tisa. Siwezi kununua kitu tulicho nacho."

"Ile ni dawa ya meno."

"Ni bidhaa nyeupe, nzito, ya kupaka. Ikiisha, niletee ombi. Na nukuu tatu."

Fundi alihesabu. Mrija mmoja ulitosha mashine nane. Thelathini na tisa ingemzika.

"Basi nizipake tena hiyohiyo," alisema. "Kila siku ya nane, kabla haijakauka."

Ombi hilo lilipelekwa kwa Mkurugenzi, ambaye alilifikiria kwa haki. Kuzifungua mashine zote kila siku ya nane kungesimamisha kazi alasiri nzima, ilhali kuna mratibu ambaye hazifungui wala hazizimi. Alishuka mwenyewe kumpa mchoraji mkono, akaurudisha wake haraka, akaupuliza.

"Karibu tena," alisema, na alikuwa anafurahi kweli. "Tulikuwa tumeanza kujiuliza hiki cheo kina kazi gani."

Jioni ile mchoraji alifika nyumbani akiwa tisini na sita. Hakuingia ndani. Alisimama uani, karibu na kamba, kabla hajaambiwa. Mama mkwe alitoka dukani, akamtazama uso, akaelewa, akakaa kwenye ngazi.

"Ilikaa siku ngapi?"

"Tisa."

"Tisa," akarudia mama mkwe. Aliinamisha kichwa, akachezea kifungo cha gauni lake. "Ningejua," alisema. "Nilikuwa nayo na ile dawa nyingine, ya mistari miwili, inakawia kukauka. Lakini ile ina bei." Akainuka, akajipangusa. "Haya, kwa kuwa umesharudi na moto wako, ngoja nimwambie mumeo alete zile suruali."

Mume alizileta, saba, zimekunjwa mkononi. Aliziweka kwenye kigoda bila kumtazama mkewe machoni, akasema pole, na akasema ya kijivu ndiyo ya haraka. Mchoraji aliichukua ile ya kijivu, akapitisha kiganja kwenye mguu wa kushoto, taratibu, kutoka pajani hadi kwenye pindo. Mkunjo ulitoka umenyooka.

Sisimizi alikuwa ameona yote hayo akiwa mlangoni. Aliingia jikoni. Kiti kikasikika kinaburutwa, bomba likafunguliwa, likafungwa. Alipotoka alikuwa amevaa glavu mbili nene za kutolea sufuria jikoni, zimemfika karibu na mabega, na kifuani amejifunga taulo lililoloweshwa maji, linachuruzika mpaka vidoleni. Nywele nazo alikuwa amezilowesha. Alipita katikati ya suruali, akamfikia mama yake, akamkumbatia miguu.

Taulo lilitoa mvuke. Mtoto alifumba macho, akahesabu kwa sauti mpaka kumi, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa hesabu aliyoijua, akamwachia.

"Angalia usiteleze hapo," bibi yake alimwambia.

"Sitelezi," akasema Sisimizi, akarudi jikoni kulilowesha tena.